Kofia ya Meno ya Kiboko

Migosi, Kisumu
Jumatano, 12 Novemba 2025

Ndugu yangu Joram,

Hakimu alisema jana, saa tano na dakika kumi asubuhi, kwamba kofia ya baba yako itabaki mikononi mwa mahakama kama kielelezo namba moja hadi kesi iamuliwe, na kwamba ombi la wakili la kuirudisha kwa ajili ya mazishi ya baba yako mkubwa litasikilizwa siku nyingine. Mwendesha mashtaka alisimama akaongeza kwamba Mzee akipatikana na hatia, ataomba meno yale yateketezwe. Neno alilotumia ni hilo hilo, yateketezwe. Nimeanza na haya kwa sababu najua ungeziruka salamu ukiyatafuta.

Sasa salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Marsabit, wewe na Perez na watoto, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Hapa kwangu hatujambo. Zuleha anakusalimu. Aaliyah naye anauliza kama ni kweli wanafunzi wako huja shuleni na ngamia, nami nimemwambia akuulize mwenyewe utakapokuja. Baba yako ni mzima kadiri awezavyo kuwa mtu wa miaka sabini na tisa aliyelala siku mbili kwenye sakafu ya simenti. Magoti yamevimba. Anakula vizuri na analalamika vizuri. Mama yako amekonda kidogo, lakini sauti yake haijapungua hata chembe.

Jumapili ile nilipokupigia nilikueleza kwa kifupi, kisha mtandao ukakatika. Hata usingekatika nisingemaliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na kesho asubuhi nitaikabidhi barua hii kwenye ofisi ya mabasi ikufikie kabla hujamaliza kusimamia mitihani. Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari nyingine yoyote. Nikifika mahali pa kukasirika utaona, maana sijawahi kuandika habari iliyonikasirisha hivi katika miaka ishirini na sita ya kazi.

Ile hoteli mpya ya barabara ya Dunga, Rao Bay, uliiona ulipokuja Krismasi ikiwa bado inapigwa lipu. Sasa wameweka langoni kiboko wa simenti, mkubwa kama pikapu, wamempaka rangi ya buluu na kumvalisha miwani ya jua. Wavuvi wanaopita pale wanamwita Meneja. Tarehe mosi mwezi huu hoteli ilifanya Tamasha la Kiboko, na kadi ya mwaliko ilimwomba Mzee Opondo wa Usenge ahudhurie akiwa na vazi lake rasmi la wazee. Kadi ninayo hapa mezani. Ina jina lake, ina saini, na mstari wa mwisho unasema atapelekewa gari.

Mama yako alimkataza asiende. Alisema mtu hachukui kitu cha msiba akakipeleka hotelini wakati nyumbani hakuna aliyekufa. Mzee akamjibu kwamba kwa miaka hamsini amekuwa akiivaa kofia ile mbele ya watu waliofumba macho, na angependa walau mara moja kutazamwa na watu wanaoweza kupiga makofi. Mama yako akasema basi aende akapigiwe makofi, lakini asije kumwomba chai akirudi. Kisha akamchemshia chai ya kunywa kabla ya safari.

Nilikuwepo hotelini kwa ajili ya gazeti. Mzee alifika saa tatu na nusu. Saa nne na dakika kumi na nne mgeni wa heshima, jina lake nitaliacha kwa sababu liko kwenye mabango yote mjini, aliichukua kofia kichwani mwa baba yako, akaivaa, akapigwa picha. Alimwambia Mzee aangalie sana, maana kofia inaelekea imempata mwenyewe. Watu wakacheka. Mzee alinyoosha mkono kuitaka, mgeni akageukia kamera nyingine. Picha zangu zina saa. Mheshimiwa alikuwa na meno yale kichwani kwa dakika sita kamili bila kibali cha aina yoyote, na hadi leo hakuna aliyemwita hata kumuuliza jina.

Saa nne na nusu tukaingia ukumbini kumsikiliza msomi kutoka Nairobi, Daktari Wekesa, aliyekuja kueleza kiboko ana maana gani kwa mataifa mbalimbali. Alikuwa na picha nzuri ukutani. Alituonyesha mungu wa kike wa Misri ya kale, mwenye umbo la kiboko mjamzito, ambaye akina mama walivaa sanamu yake ndogo shingoni ili wajifungue salama. Akatuonyesha wafalme wa Misri hiyo hiyo waliochorwa wakimchoma mkuki kiboko dume, eti kumshinda yeye ni kushinda vurugu duniani. Akatupeleka Afrika Magharibi, kwa watu wanaochonga vinyago vya kichwa cha kiboko na kucheza navyo kando ya mito, na kwa wengine wanaosema nchi yao ilipewa jina la mnyama huyu. Mchungaji aliyeketi karibu nami alinong'ona kwamba hata maandiko yanamtaja, na kwamba Mungu mwenyewe alijisifu kwa kumuumba. Mwishoni Daktari alisema watu wa Ziwa hatuna haja ya kuazima utukufu wa wengine, kwa kuwa tunao wetu, na akamwomba Mzee Opondo asimame. Baba yako akasimama. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Nilimwona akitabasamu, Joram, kwa hiyo alichokifuata alikipata.

Dakika ishirini baadaye, akiwa anakunywa chai, maafisa wawili wa wanyamapori walimkamata.

Mkubwa wao anaitwa Simiyu. Ni mtu mpole. Alimsubiri Mzee amalize kikombe, akamsomea mashtaka kwa sauti ya chini: kupatikana na nyara za wanyamapori bila kibali, yaani meno mawili ya kiboko yenye uzito wa gramu mia sita na arobaini, na manyoya thelathini na moja ya mbuni. Pale nyasini wachezaji wa hoteli walikuwa wamevaa meno ya plastiki, nao waliendelea kucheza. Nilimfuata meneja, yule wa kweli, nikamuuliza hoteli itamsaidiaje mgeni wake. Akanijibu kwamba hoteli ilimwalika Mzee, haikuyaalika meno. Nililiandika jibu hilo neno kwa neno na mhariri wangu akalikata, akisema hoteli ni mteja wetu wa matangazo.

Kituoni walimuuliza Mzee kama ndiye aliyemuua kiboko huyo. Akasema kiboko huyo aliuawa mwaka 1921 au karibu na hapo, na kama wanaamini ni yeye aliyemuua, basi wamfungulie na shtaka la kukataa kufa. Polisi wa zamu alicheka hadi akaangusha kalamu, lakini seli ilifungwa vilevile. Mama yako alifika Jumapili asubuhi na chupa ya chai, akasimama kaunta akawaambia kwamba kiboko aliyekufa kabla yeye hajazaliwa ndiye amemfungia mume, na kama wana ubavu waende ziwani wakawakamate walio hai.

Hapo ndipo aliposema kilichonikaa kooni, kwa maana mwezi Machi nilikuwa Usenge siku walipomtoa majini kijana mvuvi, Ochieng. Kiboko alipindua mtumbwi wao saa kumi na mbili asubuhi, mita mia mbili kutoka mahali wanawake wanapoanika dagaa wa omena. Maafisa walifika siku ya nne wakiwa na fomu. Waliwaambia wazazi wa Ochieng waijaze kwa nakala tatu. Siku ile kiboko alikuwa mali ya taifa na Ochieng alikuwa takwimu. Kwa kofia ya Mzee hawakuchelewa zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Sheria ya kulinda wanyama siipingi. Nimeandika habari za majangili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninachopinga ni sheria kumfikia haraka mtu aliyekaa mbele ukumbini kwa kualikwa, na kutomfikia kabisa aliyemvua kofia.

Wewe unajua kofia ile ni nini, lakini mimi nilisikia vizuri habari zake wiki tatu zilizopita tu, nilipokwenda kumhoji Mzee nyumbani. Aliniambia kwamba kiboko yule alikuwa ameua wanawake wawili waliokwenda kuteka maji. Babu yake, Obonyo, akaingia ziwani na watu sita na mikuki ya kamba, wakarudi wanne. Nyama ililiwa na ufuo mzima. Obonyo hakupewa meno hayo kujisifia. Yalitiwa kwenye kofia ya ukoo ili mzee wa ukoo anapokufa, na vijana wanapotoka na ng'ombe kukifukuza kifo kwa vumbi na nyimbo katika tero buru, anayetangulia awe na kitu kichwani cha kukionyesha kifo kwamba watu hawa waliwahi kutoa ndani ya maji kitu kikubwa kuliko wao. Nilimuuliza kama anaamini kifo kinaona. Akasema yeye hayajui macho ya kifo, ila anajua waombolezaji wanaona, na wakiona wanatembea wima.

Kwetu haikuwa hivyo. Babu yangu Nasir alikuja mji huu akiwa mpagazi wa wazungu, na mjeledi uliomchapa ulikatwa kutoka ngozi ya mnyama huyu. Mgongo wake niliuona nikiwa mtoto. Hadi anakufa hakutaka kumtazama kiboko hata kwenye kalenda. Daktari Wekesa hakuonyesha picha ya mjeledi, pengine kwa sababu watu walikuwa karibu kunywa chai. Nilimsimulia Mzee habari za babu yangu siku ile ya mahojiano. Alinishikisha kofia, akaniambia nishike jino moja kwa mkono, nami nikalishika. Ni zito kuliko unavyodhani na lina ufa mdogo kwenye shina.

Hakimu alimwachilia kwa dhamana Jumatatu tarehe tatu. Jumatano tarehe tano baba yako mkubwa, Mzee Tom, akafariki. Watu wa Usenge wanasema fedheha ya mdogo wake ndiyo iliyomuua. Mimi siandiki hivyo. Alikuwa na miaka themanini na nne na figo zote mbili zilikuwa zimechoka. Lakini ni kweli kwamba siku ya mwisho aliuliza kama kofia imerudi, na walimdanganya kuwa imerudi. Mazishi ni Jumamosi tarehe ishirini na mbili. Mzee sasa ndiye mkubwa wa ukoo, na kama ilivyokuwa miaka yote hii, ndiye anayepaswa kutangulia mbele ya ng'ombe, na kofia imo kabatini mahakamani ndani ya mfuko wa nailoni wenye namba.

Nafika sasa kwa Frankline wa Mzee Tom.

Najua ulichomwambia kwa simu, kwa sababu alinionyesha ujumbe ulioufuatisha. Ulimwambia asikanyage mazishini. Ulimwambia mtu anayemuuza baba yake mdogo hana haki ya kumwaga udongo juu ya baba yake mzazi. Ninaelewa mlivyofika hapo. Hati ya mashtaka inasema taarifa ilitolewa na raia mwema. Mwezi Agosti Frankline alimleta nyumbani mtu wa hoteli kuomba kofia iwekwe kwenye kabati la kioo, Mzee akawafukuza wote wawili, na Frankline akaondoka akitukana. Baada ya kukamatwa, kila mtu ufuoni aliunganisha hilo na hili. Jumapili iliyopita nilikuwa Usenge. Wenzake wa mtumbwi wamekataa kutoka naye majini. Wanawake wa omena humnyamazia anapopita, na mmoja alimuuliza kwa sauti ya juu kama leo amekuja kuhesabu meno ya nani. Nilimkuta ameketi peke yake anashona wavu uliokwisha kushonwa. Aliniambia anatafuta mtu wa kumwazima suti, halafu akajirekebisha, akasema hapana, suti haitahitajika.

Frankline hakumtaja baba yako kwa mtu yeyote. Raia mwema ni mimi.

Ilikuwa hivi. Alhamisi tarehe thelathini Oktoba nilikuwa nimemaliza kuandika makala ya Mzee na kofia yake. Unaijua kazi yetu: habari haichapishwi kabla ya kumpigia simu mhusika wa upande wa pili. Nimelifanya hilo maelfu ya mara, na nimewafundisha vijana wa chumba cha habari kulifanya. Nilimpigia Simiyu nikamuuliza sheria inasemaje kuhusu wazee walio na meno ya kiboko ya urithi. Akanijibu vizuri sana. Alisema wazee wenye vitu vya mababu hawakamatwi, huitwa ofisini wavisajili, na hupewa miezi sita. Nikaandika. Kisha akauliza, kana kwamba tunapiga soga, ni mzee gani huyo. Nikamwambia ni Mzee Opondo wa Usenge, tena angeweza kumwona mwenyewe, kwa sababu Jumamosi angekuwa Rao Bay.

Hakunilazimisha. Hakuniahidi kitu. Nilitaja jina kwa sababu nimezoea kutaja majina, na kwa sababu habari isiyo na jina na mahali naiona pungufu. Simiyu alipoingia pale nyasini Jumamosi alinipungia mkono kama mtu tunayefahamiana. Nikampungia. Nilipokupigia simu siku ya pili nilijua kila kitu nilichokuandikia hapa kuhusu simu ile, nikakwambia kwamba bado tunachunguza nani alisema. Ulipolitaja jina la Frankline nikakaa kimya, nawe ukauchukua ukimya wangu kuwa ushahidi. Siwezi kulaumu mtandao.

Kuna jambo jingine, na ndilo linalonizuia kutupa kalamu. Mazungumzo yale niliyarekodi, kama ninavyorekodi yote. Ni dakika nne na sekunde kumi na mbili. Katika dakika ya pili afisa wa serikali anasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba wazee wa namna hii hawakamatwi na hupewa miezi sita ya kusajili. Wakili anasema kwa rekodi hiyo anaweza kuomba kofia irudi na kesi ifutwe. Lakini haiwezi kuchezwa nusu. Katika dakika ya nne sauti inayosikika ni yangu, nikimtaja baba yako. Nimeishikilia kwa siku kumi. Siku hizo kumi Frankline amezilipia yeye.

Mhariri amenikataza. Anasema mwandishi hatoi rekodi zake mahakamani, na kwamba nikisimama kizimbani hakuna afisa atakayepokea simu yangu tena mji huu. Katika hilo la pili ana haki. Nimemwambia nitakwenda, na akitaka kiti changu atakikuta mahali pake.

Jana baada ya hakimu kutoka nilimketisha Mzee kwenye benchi la ukumbini nikamwambia yote. Mama yako alikuwepo. Aliinuka akaenda kusimama dirishani na hakurudi hadi tulipoondoka, na leo hajapokea simu yangu. Mzee aliniuliza kama sauti kwenye rekodi inasikika vizuri. Nikasema inasikika. Akauliza kama ya kwangu pia inasikika vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema basi ichezwe yote. Nilimwomba anisaidie kuwaeleza watu wa nyumbani, akakataa. Alisema mdomo uliolitaja jina lake kwa Simiyu ndio utakaolisafisha jina la Frankline kwako na kwa ufuo, na kwamba yeye magoti yanamuuma. Hakusema kama amenisamehe, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja, nalo si la kunihusu. Ukishaisoma barua hii, mpigie Frankline kabla hujampigia mtu mwingine yeyote, nami ukipenda uniache wa mwisho. Mimi mwenyewe nitakwenda Usenge Jumapili hii, saa mbili, wakati mitumbwi inarudi na kila mtu yuko ufuoni, nikawaambie wenzake wa mtumbwi na wanawake wa omena wakinitazama. Hiyo suti, nina ya kijivu inayomtosha. Nitakwenda nayo.

Zuleha anampa Perez pole ya msiba na anasema kitanda cha wageni kimetandikwa, kama bado mtapenda kulala kwetu mkipita. Nisalimie watoto. Waambie babu yao anatembea.

Ombi la kofia litasikilizwa Alhamisi, tarehe 20 Novemba, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Mimi ndiye shahidi wa kwanza.

Wako,
Saleh Nasir